Dar nilikuwa Mama Hamadi, huku naitwa Mama Nasra

BARUA YA MSOMAJI

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo mume wangu yuko kazini, mtoto yuko shule, nimekaa kwenye kitanda ambacho hakuna anayekilalia, nikasema leo lazima niimalize. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Wizara yake ilipohamia Dodoma alitangulia yeye, akapanga chumba, mimi nikabaki Dar es Salaam na watoto wetu wawili, Hamadi na mdogo wake Nasra. Nilibaki kwa sababu Hamadi alikuwa na ugonjwa wa damu wa selimundu na kliniki yake ilikuwa Dar. Tulikubaliana kwamba tukishajenga, na hali yake ikitulia, tutahama wote.

Tulipata kiwanja, tukaanza kujenga kidogo kidogo kwa mkopo wa mshahara. Msingi ulipokamilika tulikwenda wote kuuona, likizo ya Desemba. Hamadi alitembea juu ya msingi mikono kaitandaza, anaingia kila chumba anauliza hiki cha nani. Alipofika cha tatu, chenye upande wa mawio, akasema: "Hiki changu. Kitanda nitaweka hapa. Na Nasra asiingie bila hodi." Tulicheka.

Hakurudi tena kukiona. Februari iliyofuata alishikwa na homa na maumivu ya mifupa. Tulimkimbiza hospitali, siku ya tano akatutoka. Alikuwa na miaka 9 na miezi mitatu. Tulimzika Dar. Huu ni mwaka wa tatu.

Miezi mitano iliyopita tumehamia kwenye nyumba yetu. Watu wanatupongeza, na mimi naitikia. Nilidhani kuondoka kwenye ile nyumba ya kupanga kule Mbagala kutanipunguzia, maana kila kona ilikuwa na yeye. Kulikuwa na kiti alichokuwa akilalia akiumwa, na kulikuwa na fremu ya mlango wa jikoni tuliyokuwa tukimpimia urefu kwa penseli kila Idi. Sasa naona kumbe kona zile ndizo zilizokuwa zinanishika. Nyumba hii ni nzuri, ina vigae, ina upepo, lakini haimjui mwanangu. Mwezi jana jirani yetu wa zamani alinipigia, katika maongezi akasema wapangaji wapya wamepaka rangi nyumba nzima hadi fremu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Kingine ni jina. Kule mtaa mzima ulikuwa ukiniita Mama Hamadi, na hata baada ya msiba hawakubadilisha. Huku nilifika na Nasra mkononi, siku ya pili nikawa Mama Nasra. Sikukataa, ningesemaje? Wakiniuliza nina watoto wangapi, nasema mmoja. Nikishasema hivyo siku hiyo chakula hakipiti.

Na Nasra mwenyewe, ambaye sasa ana miaka 9, nilimsikia uani akiwaambia wenzake: "Mimi nina kaka, yuko Dar." Mmoja akauliza anasoma shule gani, akamtajia shule ya zamani. Niliganda nyuma ya pazia. Sikumkemea, wala sikumwambia mtu.

Chumba cha tatu nimekitandika. Kuna kitanda chake, chandarua, sare ya shule, mpira, na ile chupa ya bluu ya maji ambayo hakutoka bila nayo, maana daktari alisema asikaukiwe. Siku nyingine mchana najilaza humo. Mume wangu hamtaji kabisa mtoto. Nilipoanza kupanga vile vitu alisema, "Nyumba mpya tusiianze na huzuni," akatoka nje. Nadhani ameshasahau, au anataka kusahau. Siku ya kuhama vyombo vyote vilikuja na Fuso, sanduku la Hamadi akaja nalo yeye kwenye basi amelipakata, lakini tangu tufike hajalifungua.

Sasa binti wa dada yake amepata chuo hapa Dodoma na mwezi ujao anafika. Mama mkwe ameshapitisha kwamba atalala chumba cha tatu. Akaongeza kuwa vitu vya marehemu havikai ndani miaka yote hii, vitolewe sadaka, la sivyo namzuia mtoto asipumzike. Maneno hayo yamenikaa kifuani kama mwiba. Na kaburini, ambako nilikuwa naenda kila Ijumaa, tangu tuhame sijafika. Naota majani yamefunika.

Naomba unisaidie. Chumba nikifanyeje? Watu niwaambie nini? Nitaishije humu bila kumwacha mwanangu nje ya mlango?

Mama, Dodoma

MAJIBU

Waaleikum salaam, mdogo wangu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, na kilichonikwamisha ni salamu tu: sikujua nikuite nani. Kisha nikaona kwamba hapo ndipo barua yako yote ilipo. Chumba, sanduku, kaburi, mama mkwe, yote ni mazito, lakini naona chini yake kuna mwanamke aliyeitwa kwa jina la mwanawe miaka zaidi ya tisa, kisha lori likavuka Morogoro na vyombo, jina likabaki upande wa pili. Kwetu jina hilo si la mapambo. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, jina lake la usichana linawekwa kabatini, wanabaki nalo wazazi wake tu. Wewe umefiwa na mtoto mara moja, kisha mtaani kila asubuhi unasikia anaondolewa tena, na anayemwondoa ni jirani mwema anayekuulizia bei ya nyanya.

Kwa hiyo kabla ya chumba nianze na jina. Wewe ni Mwislamu, na hili bila shaka umewahi kulisikia ila huenda hukulisogeza karibu na msiba wako. Mtume wetu (s.a.w.) kuniya yake ilikuwa Abul Qasim, yaani Baba Qasim. Qasim alikuwa mwanawe aliyefariki akiwa bado mdogo. Baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapata watoto wengine, akahama Makka akaenda kuishi Madina kwenye nyumba na mitaa ambayo Qasim hakuwahi kuikanyaga, na bado watu walimwita Baba Qasim. Sikuambii hili ili ukasimame mtaani uwasahihishe watu. Nakuambia kwa sababu umeandika kana kwamba jina lile lilikuwa la Mbagala na umeliacha huko pamoja na fremu.

Sasa ufanye nini nalo? Unaweza kumwambia jirani mmoja, yule unayemwona ana kifua, kwamba mtoto wako wa kwanza aliitwa Hamadi na kule ulikotoka uliitwa kwa jina lake. Mmoja tu. Huenda akaanza kukuita hivyo, huenda asianze. Hatari yake unaijua: uswahilini habari hailali, na baada ya wiki utapewa pole na watu usiowajua, wengine wakikusimulia vifo vya kwao hadi usiku uingie. Unaweza pia kubaki Mama Nasra nje na Mama Hamadi ndani na kwa simu za Tanga. Wapo kina mama wanaoishi hivyo wakapata utulivu, na wapo ambao majina mawili yanawachosha kama kuishi na siri. Wewe mwenyewe ndiwe utakayesikia ni lipi linaloteremka kooni.

Na lile swali la watoto wangapi. Anayekuuliza dukani huku anahesabu chenji hahitaji jibu la kweli la moyo wako, na ukimwambia "mmoja" hujamkana Hamadi, umefunga mlango tu. Lakini kwa anayekaa kwenye mkeka wako na kunywa chai yako, naona neno "mmoja" linakuumiza kwa sababu si kweli. Lugha yetu imeshakuandalia namna ya kusema: "Wawili, mkubwa ametangulia." Ukishasema hivyo watu wanajua wanyamaze wapi. Jaribu siku moja, uone chakula kitapita au hakitapita.

Umesema nyumba haimjui mwanao. Ndugu yangu, hapo naomba nikuulize kidogo. Nani alisimama kwenye chumba cha tatu kabla hakijawa na ukuta? Nani aliyekigawa? Katika nyinyi wote wanne, aliyekuwa wa kwanza kutamka "hiki changu" ndani ya nyumba hiyo ni yeye. Miguu yake iko chini ya vigae vyako. Kuhusu fremu iliyopakwa rangi sina la kukupa. Ile imekwenda, ni hasara ndani ya hasara, na una haki ya kuililia kama ilivyo bila mtu kukuambia ni penseli tu.

Sasa baba yake. Umesema amesahau. Halafu sentensi chache mbele umeandika jambo ukalipita haraka: Fuso lilibeba makabati, vitanda na jiko, lakini sanduku la Hamadi hakulikabidhi kwa lori. Alilipakata kwenye basi, safari ya kutwa nzima. Mtu aliyesahau hafanyi hivyo. Sisemi najua kilichomo moyoni mwake, kwa sababu sijazungumza naye. Ila nadhani kuna uwezekano kwamba nyumba mnayoishi ina watu wawili wanaolinda kitu kimoja kwa njia mbili, wewe kwa kukitandika na yeye kwa kutokigusa, na kila mmoja anaona mwenzake anakosea. Kumbuka pia kwamba yeye alikuwa Dodoma miaka ile wewe ukikesha na mtoto Dar. Huenda anabeba hesabu ya siku ambazo hakuwepo. Na nyote wawili mnajua kwamba mtoto huzaliwa na selimundu pale anaporithi vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama, na wazazi wengi hawajui kama wamevibeba mpaka mtoto aanze kuumwa. Wanaume wengi hukaa na jambo hilo kama kosa, ilhali si kosa la yeyote. (Nasra kama hajapimwa, mpimeni. Anaweza kuwa mzima kabisa na bado amevibeba, na ni vizuri ajue kabla hajawa msichana wa kuolewa.)

Badala ya kumuuliza "mbona humtaji?", ambalo atalisikia kama shtaka, labda mwambie: "Nilikuona ulivyolibeba sanduku." Kisha unyamaze. Anaweza kutoka nje tena. Anaweza pia kukaa.

Kwa Nasra nataka tukae zaidi, kwa sababu barua yako imempa mistari michache, ilhali mimi yeye ndiye aliyenizuia kulala. Anayesema "kaka yangu yuko Dar" akiwa na miaka 9 hajachanganyikiwa. Kuanzia miaka mitano hadi saba hivi watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, na yeye alishika msiba huo akiwa na sita, akauona mwili ukitoka nyumbani. Anajua. Na ukilitazama vizuri neno lake, ni kweli: kaka yake yuko Dar. Kilichoongezwa ni shule tu, na hicho alikiongeza baada ya kubanwa swali. Mimi namwona binti anayepambana na swali lile lile linalokupiga wewe dukani. Mama anajibu "mmoja", mtoto anajibu "yuko Dar", na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo huenda nyumbani hakuna aliyelisema kwa sauti. Nasra amefika umri wa kaka yake. Baada ya miezi kadhaa atampita, na mdogo atakuwa mkubwa kuliko kaka mkubwa. Baadhi ya watoto waliofiwa na ndugu huwa wanahesabu siku hiyo. Wengine huogopa kwamba hawataivuka, wengine huona vibaya kuivuka. Usimsute kwa uongo wa uani. Mchukue jikoni mkimenya viazi, mahali ambapo macho hayalazimiki kukutana, umwambie ulimsikia, na kwamba wewe nawe huwa hujui ujibu nini. Muulize angependa mseme nini. Yeye ndiye mtu pekee ndani ya nyumba hiyo aliyewekewa sharti la kupiga hodi kwenye chumba cha tatu, na mpaka sasa sijaona mtu aliyemuuliza kuhusu chumba hicho.

Chumba chenyewe, basi. Nimeziona njia tatu au nne na hakuna isiyo na gharama. Ukikikatalia mgeni kikabaki kama kilivyo, utakuwa na pa kujilaza mchana, lakini utaanza vita na ukoo wa mumeo juu ya binti ambaye hana kosa, na huenda chumba kikaanza kuitwa "chumba cha marehemu", na Nasra akakiogopa. Ukikitoa chote kwa wiki moja kwa sababu mama mkwe kasema, mgeni atalala na wewe utakosa usingizi, na kinachotolewa kwa kulazimishwa moyo hukidai miaka mingi. Kuna kukigawa: kitanda kitumike, binti alale, lakini kabati moja au ukuta mmoja ubaki wa Hamadi na mgeni aambiwe tangu siku ya kwanza chumba ni cha nani na yeye ni mgeni wa nani. Hatari yake ni kwamba siku utakayokuta nguo zake za chuo zimetupwa juu ya kitanda kile utaumia kuliko unavyodhani. Au Nasra ahamie humo na mgeni alale chumba cha Nasra, kama Nasra mwenyewe atataka, na kwa hodi. Usimpendekezee wewe kwanza. Mtoto aliyebaki anaweza kukubali jambo zito ili tu mama asilie.

Na muda unabana, mwezi mmoja. Sioni ubaya wa kuomba mgeni aanzie hosteli au sebuleni kwa muhula wa kwanza, ombi hilo likitoka kinywani mwa mumeo kwenda kwa mama yake. Likitoka kwako litasikika vingine.

Kuhusu sadaka, mama mkwe ana hoja na ana jambo ambalo ningemwomba alirudishe. Kutoa ni jambo jema, na sare ya shule ikivaliwa na mtoto asiye nayo ni thawabu. Lakini vitu vile ni vyenu wazazi, na kutoa ni hiari yenu kwa wakati wenu. Lile la kwamba unamzuia mtoto asipumzike, hapana, hilo usilale nalo. Mtume alipofiwa na mwanawe mwingine, Ibrahim, alilia mbele ya masahaba, akasema macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Baba huyo hakuambiwa anamfunga mtoto. Matanga tunayaanua siku ya tatu, ndiyo, tunakunja mikeka na majirani wanarudi kwao. Mikeka ndiyo inayokunjwa. Naamini hata mama mkwe, ambaye naye amefiwa na mjukuu, ana kitu cha Hamadi alichokihifadhi mahali. Ungemuuliza siku moja.

Kaburi liko mbali, lakini si mbali kama ilivyokuwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dodoma na Dar kwa saa nne hivi, na nauli ya kawaida ya treni hiyo ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Ijumaa zote hutaziweza. Huenda ukaziweza Idi mbili, au Februari. Kama una ndugu Dar wa kung'oa majani na kukutumia picha, mwombe bila haya. Masheikh wanatofautiana kuhusu wanawake kuzuru makaburi, na wewe umekuwa ukienda, kwa hiyo umsikilize yule unayemwamini. Mara hii ningependa usiende peke yako. Nasra naye alimwacha kaka huko.

Wengi wangekuambia upande mti uwe wa Hamadi. Ni wazo zuri, nami nalipenda, ila Dodoma si Tanga. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mche uliopandwa kiangazi kwenye upepo ule hufa mbele ya macho. Mti wa ukumbusho ukikauka ni msiba wa pili. Mkiamua, subirini mvua za kwanza, mpande mwarobaini unaovumilia ukame, na mpande zaidi ya mmoja, ili hata mmoja ukikauka isiwe yeye amekauka.

Jambo la mwisho nalisema kwa upole. Kujilaza kwenye kitanda chake mchana sikushangai. Lakini kama mchana huo unaanza kuwa kila siku, kama chakula hakipiti wiki nzima, kama kuna saa unatamani umfuate, tafadhali usisubiri jibu la gazetini. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na najua jina hilo linavyotisha watu na kuchekesha wengine, lakini wanaofanya kazi ya kusikiliza wenye majonzi wako huko na hata kwenye hospitali nyingine za mjini. Kwenda si wazimu. Wamefika kwao mama wengi waliozika.

Mdogo wangu, sikukuambia chumba kiwe cha nani. Nyinyi watatu hamjakaa kukizungumza, na mimi siwezi kuwa wa kwanza. Ukiniandikia tena, niambie Nasra alisema nini mlipokuwa mnamenya viazi. Na kwenye sahihi chini, badala ya "Mama, Dodoma", niandikie jina unalotaka nikuite.